Nyasi Nilizozionea Choyo

Mwaka ule mvua ilipokata kabla mtama haujabeba, nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mke mpya, na hapo ndipo shida ilipoanza kunizoea. Nianzie hapo, mwanangu, wewe unayekwenda kuanza shamba lako, maana siku ninayoikumbuka kuliko zote ilitokana na mwaka huo.

Mume wangu Masanja alisema shamba limetushinda. Akachukua sururu, akaenda machimboni upande wa Geita kutafuta dhahabu. Nikabaki nyumbani kwetu, nje kidogo ya Kahama, na mama mkwe wangu pamoja na maksai wawili wa kulimia. Mmoja aliitwa Kijiko, mwingine Tembo. Usidhani Tembo alikuwa mkubwa. Masanja alimpa jina hilo ili kumtia moyo.

Na tulikuwa na ngitili. Wewe uliyekulia mjini labda hujui, kwa hiyo nisikilize. Ngitili ni kipande cha malisho ambacho sisi Wasukuma tunakifunga wakati mvua bado inanyesha. Hakuna ukuta wala waya. Watu wanajua tu kwamba pale haingii ng'ombe. Nyasi zinakua, zinakauka zikiwa zimesimama, na miti inapata kupumzika. Kiangazi kikikaza, unafungua, ng'ombe wanakula mpaka mvua irudi. Bila ngitili maksai hana nguvu ya kuvuta plau, na bila plau huna shamba, una jembe la mkono na kiuno kinachouma.

Mama mkwe alikuwa anasumbuliwa na macho. Akaenda kwa binti yake anayekaa Ngokolo, Shinyanga mjini, akatibiwe huko. Siku ya kuondoka aliniachia maneno matatu tu: "Ukiona mbavu, fungua." Nikasema nimesikia, mama.

Hazikupita siku nyingi akaja mnunuzi wa matimba. Matimba ni yale magogo yanayowekwa shimoni ili udongo usiwaangukie wachimbaji. Alikuja na lori, kavaa kofia pana kama ungo. Akaizunguka miti yetu ya ngitilini akiipapasa kama anayechagua mchumba.

"Mama, nipe hii miti," akasema. "Nakuletea mabati, unaezeka nyumba nzima."

Mabati nilikuwa nayataka, sikufichi. Majirani ambao waume zao walibahatika machimboni, nyumba zao ziling'aa mpaka ukipita unafumba macho. Lakini nikamwuliza, "Maksai wangu watakula mabati?"

"Nyasi nakuachia. Mimi shida yangu miti."

"Nyasi bila kivuli kwa jua hili? Ondoka hapa kabla sijakupandishia jembe!"

Akapanda lori lake, akachungulia dirishani. "Utazeekea kwenye nyumba ya nyasi, wewe!"

"Na wewe utazikwa na hiyo kofia!"

Kijiji kizima kilizisikia habari hizo. Wakaanza kuniita Askari wa Nyasi. Nikienda kisimani wananipisha. Mimi niliyeishia darasa la pili, nisiyejua kuandika zaidi ya jina langu, leo wazee wananitaja kwenye vikao! Kichwa kikavimba, mwanangu. Na mtu akishasifiwa kwa kulinda, basi anataka kulinda tu.

Kiangazi kikakaza. Watu waliopita njiani walisimama kutazama nyasi zangu, ndefu, zimekuwa rangi ya dhahabu, na mimi nasimama hapo nazitazama pamoja nao kama harusi yangu. Kufungua nikawa siwezi. Nikajiambia, wiki ijayo. Ikija wiki ijayo nasema, je, mvua ikichelewa? Kijiko na Tembo nikawa nawapeleka kwenye malisho ya kila mtu, ambako hata mbuzi walikuwa wanarudi wamekasirika.

Ndipo akaja Mama Doto, jirani yetu wa upande wa pili wa korongo. Alikuwa na maksai mmoja tu. Mwenzake alikufa mwaka uliotangulia.

"Mama Shija," akaniita, maana Shija wangu alikuwa ameshazaliwa, "nipe ruhusa nikate mzigo mmoja wa nyasi. Mnyama wangu anasinzia akiwa amesimama."

"Bado sijafungua."

"Utafungua lini?"

"Wakati ukifika."

Akanitazama, akawatazama maksai wangu. "Basi na hao wako waambie wakati haujafika, wasife kwanza." Akaondoka zake. Nikamwona ana wivu.

Mvua ikaja, tena kwa vishindo, siku nne mfululizo. Alfajiri kila mtu yuko shambani. Nikawafunga Kijiko na Tembo nira, nikashika plau. Hatujamaliza mstari mmoja, Tembo akakunja miguu ya mbele, akalala chini. Akalala vizuri kabisa, kama mgeni aliyeoneshwa kitanda. Nikamvuta mkia, nikamwomba, nikamwita kwa jina lake kubwa. Wapi! Udongo ulikuwa umelowa, siku za kupanda zinahesabika, na mimi nina maksai mmoja.

Katikati ya balaa hilo mama mkwe akashuka kwenye basi, macho yake yamepona. Ingekuwa heri yangu yangechelewa kupona kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akainama, akapitisha kidole ubavuni mwa Tembo, mbavu moja baada ya nyingine. "Hiki ni nini?"

Nikainama, nikajifanya nafungua nira.

"Nakuuliza, binti. Mimi natoka kutibiwa macho, nataka kujua kama yamepona. Hiki ninachokiona ni nini?"

"Mbavu, mama."

"Twende ngitilini."

Tulipofika nilitamani ardhi inimeze. Mvua ya siku zile ilikuwa imezilaza zile nyasi zangu za dhahabu. Zimelala chini, nyeusi, zinanuka uvundo. Nyingine upande wa juu zilikuwa bado zimesimama, lakini nyingi zilikuwa za kutupwa.

Nilidhani atanipigia kelele. Hakupiga. Alisema hivi: "Mnunuzi wa matimba ulimfukuza, nimesikia mpaka Ngokolo, nikajivuna. Lakini yeye alitaka kuimaliza ngitili kwa kuikata, wewe umeimaliza kwa kuitazama. Kwa njia zote mbili ng'ombe wanakosa. Sasa vuka korongo, nenda kamwombe Mama Doto maksai wake."

"Mama, yule nilimnyima nyasi!"

"Ndiyo maana unakwenda wewe, siendi mimi."

Nilivuka korongo lile miguu mizito. Mama Doto alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka hata akashika mlango. "Maksai wangu hajui kuvuta," akasema. "Amezoea kutazama nyasi za watu kwa mbali."

"Nisamehe, dada. Nyasi zilizobaki tukate wote. Tuwafunge wako na wangu nira moja, tulime kwako kwanza."

"Kwangu kwanza?"

"Kwako kwanza."

Akachukua kamba. Tukakata nyasi zile zilizosimama, tukawalisha maksai wote watatu, wakapata nguvu. Kisha Kijiko akavuta na yule wa Mama Doto. Tukalima kwake, tukalima kwangu, na Tembo akawa anatembea pembeni kama msimamizi. Tulichelewa kupanda, lakini tulipanda, na tulivuna. Masanja alirudi kutoka machimboni na redio isiyo na betri. Akatukuta tunakula.

Sasa sikiliza nasaha yangu, mwanangu. Leo wanunuzi wa matimba wanatuma ujumbe kwa simu, na vijana mnajibu haraka kuliko mnavyoitikia salamu. Usiuze miti ya ngitili. Lakini usidhani kutunza ni kufungia. Shamba linatunzwa kwa kulitumia kwa zamu: funga kwa wakati wake, fungua kwa wakati wake. Samadi ikishaoza irudishe shambani, usiiache zizini ikawa kilima. Mabua ya mtama usiyachome moto, yaache yafunike udongo. Palipokaa pamba mwaka huu, mwakani weka choroko. Na usimwangalie jirani kama mwizi wa nyasi zako. Siku maksai wako akilala, jirani ndiye mwenye wa pili.

Mimi sikusoma, lakini macho ninayo, na leo ninavyo hivi: nyumba ya mabati niliyoezeka kwa choroko na dengu. Maksai wanne. Ng'ombe wa maziwa na ndama wake. Plau mbili na mkokoteni. Ngitili ileile, na nyingine niliyoianzisha mwenyewe kwenye kilima kilichokuwa kipara. Na Mama Doto, naye yuko hai, mdomo uleule. Kila kiangazi yeye ndiye anayeniambia siku ya kufungua, maana mimi tangu siku ile hawaniamini.

Nenda sasa. Mungu akunyeshee kwa wakati, akupe maksai wasio na mbavu za kuhesabika, na mtu wa kufunga naye nira.