Ukufi wa Mchele na Ramani ya Chuo

Shwaa. Ukufi mmoja wa mchele, ujazo wa kiganja, ukianguka ndani ya chungu kitupu: ndiyo sauti ambayo wazee wa Shyambazar, huko Kalkata, bado wanamkumbukia Nistarini.

Alikuwa mjane mfupi, wa sari nyeupe isiyo na pindo la rangi, aliyejilisha kwa vidonge vya dengu alivyovianika juu ya paa na kuviuza. Mtaa mzima ulimwita Shangazi. Madaktari wa Kibengali walipoamua kujenga chuo chao cha udaktari, maana kile cha serikali ya Kiingereza kilichukua vijana wachache mno, matajiri waliombwa maelfu ya rupia. Nistarini hakuombwa kitu. Akajituma mwenyewe. Alipita mlango kwa mlango akiacha vyungu: kila mama, kabla hajainjika wali, atoe ukufi mmoja auweke humo, kama walivyozoea kuwawekea ombaomba wa hekaluni. Kila Jumapili, jua au mvua, aliukusanya mchele na kuuza. Wengi wa waliotoa hakuwahi kuwaona sura. Kwa desturi, wake za watu waliishi ndani wasionwe na wageni, mikono yao tu ikichungulia mlangoni, yenye bangili nyeupe za kombe za baharini.

Miaka sita hivyo. Serikali ikasema fedha zote zitimie kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo hakuna kibali. Zilizopungua zilikuwa rupia elfu tatu, zile za mchele wa Shangazi.

Siku ya kuzikabidhi, Daktari Abinash Guha alimtandazia ramani ya chuo mezani. Shangazi akakataa kiti, akaketi sakafuni. Ramani ikamfuata chini.

"Hapa wapi, mwanangu?"

"Ukumbi wa masomo, Shangazi."

"Na hapa?"

"Wodi. Wagonjwa watalala hapa, wanafunzi wajifunzie kwao."

"Wanawake wanaingilia wapi?"

"Lango kuu, kama watu wote."

Nistarini akakivuta kifurushi cha noti, kikarudi mapajani mwake.

"Basi hawaingii. Mke wa mtu, ambaye hata mimi sijamwona pua, apite mbele ya vijana mia? Atafia nyumbani, kama wanavyofia sasa."

Wakili Ghoshal, mweka hazina, akacheka. "Shangazi, hii kachora mhandisi! Wewe kaanike dengu zako."

"Dengu zangu naziachia nafasi hewa ipite, Bwana Wakili. Humu hamkuacha nafasi hata ya mkeo."

Madaktari waliokuwapo wakaangua kicheko. Wakili masikio yakamwiva.

"Ukizuia fedha hizo, chuo kimekufa. Unajua?"

"Najua. Na nitakililia kuliko wewe. Lakini mchele si wangu. Nitaurudisha nyumba kwa nyumba, ukufi kwa ukufi."

Daktari Abinash akamwita mchoraji. Ukuta wa upande wa kichochoro ukafutwa, ikawekwa ngazi yenye kiambaza cha kuisitiri, inayopanda moja kwa moja hadi wodi ya wanawake. Nistarini akakisukuma kifurushi mbele ya Wakili.

Mchoraji akainua penseli. "Ngazi iwe na upana gani, Shangazi?"

Akatanua mikono, akaipunguza, akaitanua tena.

"Machela ipite," akasema, karibu asisikike, "na mtu mmoja pembeni, wa kumshika mkono."