Mpira kwa Mikono Miwili

Mchezo wenyewe ni wa kipuuzi. Nalisema mapema ili asije mtu akadhani niliupenda. Unaitwa besiboli. Watu wazima wanasimama uwanjani wamevaa suruali kama za kulalia, mmoja anarusha kijipira, mwingine kashika gongo anajaribu kukipiga, anakikosa, wanatema maganda ya mbegu za alizeti, wanaanza tena. Saa tatu zinapita hivyo. Kwetu Tanga, kwa saa tatu mimi nimeshaivisha pilau ya harusi na masufuria nimeyaosha.

Sisi wasichana tulicheza rede. Unajaza matambara kwenye soksi kuukuu, wawili wanarushiana, mmoja yuko katikati anakwepa. Akipigwa katoka. Hakuna aliyehitaji kitabu cha sheria wala mtu mzima wa kupiga filimbi.

Mjukuu wangu aliuingia mchezo huu akiwa na miaka kumi na moja, hapa hapa Woolwich, huku Uzunguni. Mama yake, binti yangu, ni muuguzi, na zamu za hospitali hazijui kama kuna mtoto nyumbani. Mimi ndiye niliyeletwa kumlea. Jumamosi moja akarudi na glavu kubwa kama ungo.

"Bibi, nimekuwa mdakaji."

"Mdakaji ndiyo nani?"

"Anayechutama nyuma ya mwenye gongo. Mpigaji akiukosa mpira, naudaka mimi."

Yaani katika timu nzima ya watoto, wangu kapewa kazi ya kuchutama. Wenzake waliikataa kwa sababu magoti yao hayakunjiki. Wakijaribu, wanasimamia ncha za vidole kama kuku aliyelowa, dakika mbili wameanguka. Wangu alichutama nyayo zote chini, kwa raha zake, maana tangu mdogo tulichambua mchele pamoja kwenye sakafu ya jikoni. Nilikataa kuchambua mchele mezani kama karani.

Nilikwenda kumtazama kwa hasira. Nilikuta wamemvisha kinyago cha chuma, yuko vumbini, nikawa tayari kumchukua tuondoke. Kisha nikaona kitu. Wenzake wote uwanjani walikuwa wanamwelekea yeye. Yeye peke yake ndiye aliyewatazama wote. Alificha vidole katikati ya mapaja, akaonyesha viwili, na mrushaji akatikisa kichwa kukubali. Akamnyooshea kidole mmoja kule mbali, yule akasogea.

Hapo nikaelewa. Mimi nilikuwa mpishi wa shughuli. Mpishi wa shughuli anakaa kwenye kigoda, moshi machoni, na wageni wenye marashi wanampita wakidhani ni mtumwa wa mtu. Lakini ndiye anayeona kuni zimepungua, ndiye anayeona shangazi wa bwana harusi anaficha nyama ndani ya khanga. Akiinua mwiko, uani pote watu wanakimbia. Basi, nikasema, kazi hii ni ya kwetu. Nikamwacha. Mchezo ukabaki wa kipuuzi.

Alidaka mpaka akawa mtu mzima, akaingia timu ya wakubwa, wanaume na wanawake pamoja. Vidole vikavimba, nikavikanda kwa mafuta ya nazi. Meneja wao alikuwa mzee wa tumbo. Kila alipotaka kuamua jambo alimtupia jicho mjukuu wangu kwanza, kama mtoto anayeibia majibu kwa jirani darasani. Timu ikishinda, mwenye akili ni mzee. Ikishindwa, mdakaji kasinzia.

Halafu mwaka juzi mchezaji mmoja wa wapinzani, mwili kama kabati, akaja mbio akamgonga. Goti la kulia likachanika ndani. Daktari akasema asichutame tena. Msichana akakaa nyumbani miezi, anatazama ukuta, mchele nachambua peke yangu. Alikuwa na miaka ishirini na tisa na hakuna kitu kingine alichokitaka duniani.

Ndipo mzee wa tumbo akahamia kwa mwanawe, mji wa mbali, na timu ikabaki haina meneja. Mjukuu wangu akaomba. Kamati ikakaa: wanaume watatu, na mwanamke mmoja wa kubeba faili lao. Wakamwambia bado mdogo, tena sauti yake haisikiki. Watampa mechi mbili, wamtazame. Kawapangia mchezo miaka yote hiyo akiwa amechutama mbele ya macho yao, na leo ndiyo wanataka kumtazama.

Mechi ya kwanza aliiharibu, na sitamtetea. Mrushaji wao alikuwa mwalimu wa udereva, mtu wa makamo, umri wa baba yake, anarushia mkono wa kushoto na kujisikia kama sultani. Mkono wa mrushaji huchoka. Ukichoka, meneja anatembea hadi kwenye kilima kidogo anaposimama mrushaji, anauchukua mpira mkononi mwake, anampa mwingine. Ndiyo sheria, na ndiyo aibu yenyewe, maana watu wote wanatazama. Huyu bwana alijisifu kwamba hata mzee wa tumbo hakuwahi kuuchukua mpira wake bila kutukanwa.

Mkono wake ulikufa katikati ya mchezo. Mimi niliyeishia darasa la nne niliuona. Mjukuu wangu alibaki kwenye benchi, anakunja kofia yake. Wapinzani wakaupiga kila mpira uliokuja, mingine ikaingia barabarani. Timu yake ikafungwa vibaya.

Kwenye basi nikamuuliza, "Mke mwenzangu, kwa nini hukumtoa yule?" Hivyo ndivyo ninavyomtania tangu kuzaliwa, kwa kuwa marehemu babu yake alimpenda kuliko alivyonipenda mimi.

Siku zote ananijibu kwa Kiingereza. Safari hii alinijibu kwa Kiswahili.

"Bibi, yule ni mtu mzima. Wewe si ndiye uliyenifundisha?"

Kweli ni mimi. Alipokuwa na miaka saba alimwambia mgeni wetu mmoja, mzee wa Pangani, ainuke kwenye kiti ambacho yeye hutazamia katuni. Nilimshika sikio, nikampigisha magoti, akamwomba radhi, akampelekea chai. Tangu siku hiyo hajapata kumwondoa mkubwa popote. Nilijidharau kidogo mle ndani ya basi, na mimi sijazoea. Ninao watu wengi wa kuwadharau kabla zamu haijanifikia.

"Kweli, mtu mzima hafukuzwi," nikamwambia. "Lakini akija kwetu na mfuko wa viazi, unafanyaje?"

"Nampokea."

"Unamngoja auangushe?"

"Bibi, hii ni besiboli."

"Ndiyo maana nashangaa. Kitu cha kijinga hivyo kikushinde, na viazi havijakushinda."

Mechi ya pili kamati nzima ilikuja. Nilikaa nyuma yao na chupa yangu ya chai na bakuli la vitumbua. Mmoja wao, mwenye shingo nyekundu, akageuka, anatafuna mbegu za alizeti.

"Mjukuu wako ana adabu sana, mama," akasema, kwa namna mtu anavyotaja ugonjwa. "Hapa lazima uwe mkali."

Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha sokoni: "Wewe kula mbegu zako."

Mkono wa mwalimu wa udereva ukafa tena, pale pale ulipokufa mara ya kwanza. Mpira mmoja ukapigwa, wa pili ukapigwa. Shingo nyekundu akamwinamia mwenye faili, akamnong'oneza, mwenye faili akaandika.

Mjukuu wangu akainuka.

Hakukimbia. Alitembea na goti lake bovu mpaka kwenye kilima, na yule bwana alipomwona akampa mgongo, mpira kauficha ndani ya glavu. Akangoja. Hakumgusa bega. Bwana alipogeuka mwenyewe, mjukuu wangu aliinamisha kichwa, akakunja kidogo goti lile zima, akatoa mikono miwili pamoja, viganja juu. Kama anavyonipokea mimi kikapu mlangoni.

Baadaye nilimuuliza alisema nini. Alisema, kwa Kiingereza: "Umeubeba mbali, naomba nikupokee." Sijui Kiingereza hicho kilisikikaje.

Bwana aliitazama ile mikono. Nadhani maisha yake yote watu walimnyang'anya vitu tu. Akautoa mpira ndani ya glavu, akauweka viganjani polepole, kama anakabidhi yai, akashuka. Hakutukana mtu. Aliyepokea zamu alirusha vizuri, wakashinda kwa pointi moja, na hata hilo nililijua nilipoona watu wazima wanarukaruka.

Kamati ikampa kazi pale pale uwanjani. Shingo nyekundu akaniambia hajawahi kuona mbinu ya namna ile, akataka kujua kaisoma chuo gani. Mtu aliyefika umri ule hajui kumpokea mwenzake mzigo, nimweleze nini mimi nikamaliza kabla ya basi kuja.

Meneja akaja kwangu anachechemea, kofia kaiweka upande, meno yote nje. Nyuma yake yule mwalimu wa udereva, mpole kama kondoo, akaona bakuli langu, akanyoosha mkono wa kushoto.

Nikalivuta bakuli.

"Bibi, yeye ni wa kushoto," akasema mjukuu wangu. "Ndio anaorushia."

"Mwambie hapa harushi. Anakula."

Akamtafsiria. Bwana akautazama mkono wake kana kwamba kaazimwa, akautia mfukoni, akatoa wa kulia.