Msiba Usiokuwepo

Kengele za kanisa zilianza kulia jioni moja ya baridi, na Mama akaacha kumenya viazi. "Mwanangu, kuna watu wamefiwa," akasema. Karagwe alikokulia, kabla familia yake haijarudi Kigali, kengele iliyolia saa isiyo ya ibada ilikuwa na maana moja tu.

Tulikuwa tumemfuata Baba masomoni, katika kijiji kidogo cha Uingereza chenye nyumba za mawe na harufu ya samadi na moshi wa kuni. Mimi nilikipenda siku ileile tuliyofika. Mama, ambaye Kigali hakuwahi kunywa chai peke yake, alikuwa hajabishiwa hodi hata mara moja. Alikonda kwa upweke, mpaka Baba akaanza kuzungumzia kumrudisha nyumbani.

Basi tukabeba sufuria la maharage na viazi, tukaenda kuhani. Mnarani hapakuwa na jeneza. Wazee wachache walikuwa wakivuta kamba. Walikuwa kwenye mazoezi ya kengele, kama kwaya zetu zinavyofanya mazoezi. Kiingereza cha Mama kilimkimbia chote. "Waambie poleni," akaninong'oneza. Nikawaambia, kisha nikalazimika kueleza ni poleni ya nini, huku natamani ardhi inimeze. Hakucheka mtu. Mama mmoja mnene, Bi Joan, alikaa kwenye benchi akatusimulia aliyoyasikia kwa bibi yake: zamani kengele ile ilipolilia marehemu, wakulima waliacha majembe shambani na wanawake walikuja na mikate. Halafu vijana wakahamia mijini, nyumba zikanunuliwa na watu wa kuja wikendi, na desturi ikafa bila hata kuzikwa. Wapiga kengele wale walikula maharage yetu palepale, wakakomba sufuria. Kesho yake Bi Joan alibisha hodi, na habari ya Mama kurudishwa nyumbani ikaishia hapo.

Siku hizi naishi na Mama Kigali, mtaa wa Niboye, nyuma ya ukuta mrefu, na wanangu hawachoki kusikia habari za kijiji kile. Mwezi uliopita, nikitoka kazini, nilikuta turubai na viti vimeziba njia mbele ya geti la jirani. Nikapiga honi nipishwe. Nyumbani Mama hakuwepo, nikampigia simu.

"Niko hapa kwa jirani," akasema. "Yule mama amefariki. Si ndiyo mulikuwa munapishana kila asubuhi?"

Ni kweli, tulipishana kila asubuhi. Jina lake nilikuja kulisoma kwenye msalaba wa kaburi.