Kanga Aliyetolewa Mayaini

Kadzo alikuwa na ulimi mkali, na soko zima la Marikiti lililijua hilo. Mteja aliyeminyaminya ndimu zake kisha asinunue alitukanwa mpaka apotelee kwenye kona. Miaka kumi na mmoja aliuzia kwenye kizingiti cha duka la viungo la Zoeb, na Zoeb mwenyewe, na utajiri wake wote, alimwogopa.

Kiumbe kimoja tu alikionea huruma: kanga. Si leso za kujifunga, nasema ndege wa madoa wa porini kwao Kaloleni. Mamake alimfunza tangu utotoni kuyachota mayai kwa upawa wa mpini mrefu, asiyaguse, kwa kuwa kanga akinusa mkono wa mtu hukisusa kiota. Na yaachwe matatu. Na ndege akishaanza kuatamia, ole wake atakayemsogelea! Kwa hivyo kanga walirudi kutaga kwenye kichaka kilekile kila masika, na nyumba ikala. Kichaka hicho kilikuwa siri ya mama na Kadzo.

Masika ya mwaka tisini na nne, mdogo wake Samuel alifika dukani na kikapu kilichofunikwa gunia. Ndani mlikuwa na kanga mzima wa kuuzwa, amefungwa miguu. Zoeb alimeza mate.

"Kadzo, hebu nitazamie ndege huyu. Hana ugonjwa?"

"Hana haja ya kutazamwa," Samuel alidakia.

Kadzo alishamnyakua. Alimgeuza chali, akampuliza manyoya ya tumboni. Yalipoachana, palikuwa na ngozi tupu, nyekundu, yenye moto. Ndege anayeatamia hunyonyoka hapo, mayai yapate joto la mwili wake.

"Mshenzi wee! Umemtoa mayaini!"

"Ndege ni ndege, dada."

"Umemtoa wapi?"

Samuel alitazama chini. "Nyuma ya mkanju wa babu."

Ndicho kichaka chenyewe, nyuma ya mkorosho ule. Kofi lilimpata Samuel kabla hajainua uso, na wachukuzi wakatua magunia yao ili watazame.

"Uliniandama! Mwizi mkubwa, uliniandama ukaniona!"

"Nikuandame wapi, na wewe hujatia mguu nyumbani tangu Krismasi ya mwaka juzi?" Samuel naye sasa alipiga kelele. "Mama ndiye aliyenionyesha! Alinishika mkono akanipeleka!"

"Muongo!"

"Mahindi bado mabichi, unga umekwisha. Mayai aliyachemsha yeye mwenyewe. Yalikuwa na vifaranga ndani, tukala vivyo hivyo. Nikamwambia, dada atakasirika. Akasema, 'Mwache akasirike. Yeye kule mjini ajilia kuku.'"

Kadzo alitafuta tusi asilipate, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kumfika. Alimchukia Samuel kwa kulisema hilo mbele ya watu. Alimchukia mamake kwa kuvunja mwiko wake mwenyewe. Kisha alimfikiria mama huyo mzee akimenya yai lenye kifaranga, akaona haya hata kuwatazama watu.

"Basi nimchukue?" Zoeb aliuliza polepole.

"Mchukue," Kadzo alisema, akimsukumia yule ndege kifuani. "Na ukimpunja ndugu yangu hata ndururu, duka hili nitalivunja."