Wiski ya Kutema

Rosina alifungua duka la vinywaji Mbinga mjini kwa jasho lake, na hakupenda wateja wasumbufu. Mzee Augustino wa Mkumbi, mwonja kahawa mstaafu, alimchosha siku ya kwanza tu.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Nataka wiski ya kunywa polepole. Lakini naonja kwanza."

"Hii si pombe ya komoni ya kuonjeshwa kwa kata! Nikiifungua ukaikataa, nitamuuzia nani?"

Mzee hakubanduka. Watu walipoanza kucheka, Rosina akafungua ile ya bei kubwa kuliko zote, yaishe. Mzee akainusa, akaifyonza kwa kelele kama kahawa, akaitema sakafuni.

"Inaunguza ulimi tu, haina kitu."

"Sakafu yangu, Babu!"

Mzee akaonyesha chupa ya bei rahisi iliyoshika vumbi. Rosina akaifungua huku akisonya. Mzee akatia matone ya maji, akafyonza, kisha akameza.

"Hii."

Akalipa, akaenda zake. Rosina, aliyebaki na deki na ile chupa ya bei kubwa isiyouzika tena, akaionja kwa hasira. Kweli, haikuwa na kitu.

Mwezi uliofuata mzee alirudi, akakuta Rosina amepandisha maradufu bei ya wiski ile ya vumbi. Akalipa, safari hii akisonya yeye.