Somo Nililolikosa Igamba

Niliondoka nyumbani kwa sababu darasa langu lilikuwa kimya. Nalisema hilo mapema ili msomaji asije akadhani nilikwenda Mbozi kutembea. Nilikuwa mkufunzi wa hisabati katika chuo cha ualimu upande wa Morogoro. Wanafunzi wangu walifaulu mitihani vizuri tu, lakini kila nilipouliza kama kuna swali, walinitazama kama watu wanaosubiri mvua ipite. Kisha walihitimu, wakaenda kufundisha shule za msingi, na huko nako wakawanyamazisha watoto vilevile. Jambo hilo lilikuwa likiniuma kwa miaka.

Ndipo ukaja ule ufadhili wa kuendeleza ufundishaji vyuoni. Miaka ile, baada ya biashara kufunguliwa, miradi nayo ilikuja kwa wingi, na mingi iliishia kwenye semina na soda. Huu ulikuwa na akili zaidi. Haukuwa wa wakufunzi peke yao. Hata mafundi wa maabara na watunza maktaba waliruhusiwa kuomba. Ulitakiwa umchague mtu mmoja wa chuo kingine, uende ukakae darasani kwake, kisha urudi ujaribu kwako. Safari ilikuwa mara moja tu, ukishaitumia, umeitumia.

Mimi nilimchagua Mwalimu Kibona, ingawa sikuwa nimewahi kumwona. Walimu wawili waliopita mikononi mwake walikuwa wamehamia shule ya mazoezi iliyo jirani na chuo chetu, na madarasa yao yalikuwa na kelele nzuri, ile ya watoto wanaobishana juu ya hesabu. Nilipowauliza wameitoa wapi, wote wawili walinitajia chuo kidogo cha kanisa huko Igamba, na mzee mmoja aliyekuwa anastaafu mwisho wa mwaka. Niliona nisipomwahi sasa, sitamwahi tena.

Tuliondoka Morogoro alfajiri, mimi na Bwana Haule, mtunza maktaba wetu, ambaye naye alikuwa amepata ufadhili huohuo na kuchagua maktaba ya chuo hichohicho. Haule ni mtu wa masihara. Tangu Mikumi mpaka milima ya Kitonga alikuwa ananiuliza kama Mwalimu Kibona ana binti wa kuoa, na yeye mwenyewe ana wajukuu. Tulilala Mbeya, tukatetemeka kwa baridi, na asubuhi tukapanda basi la Tunduma. Huko ndiko gari la chuo lingetuchukua, kwa kuwa lilikuwa limekwenda kununua vitu. Tulipita Mlowo, ambako njia ya Igamba inachepukia, tukaiangalia hivi hivi ikibaki nyuma yetu.

Tunduma, saa nne asubuhi. Malori yalikuwa yamepanga foleni kuelekea Zambia mpaka huoni mwisho wake, na wabadilisha fedha walipita katikati yao wakiwa na vibunda mkononi. Mama mmoja wa upande wa Nakonde alinitandikia kitenge begani bila kuniuliza.

"Mulishani, bamayo," alinisalimia kwa lugha ya kwao. "Hii ni orijino. Leta kwacha, leta shilingi, mimi napokea."

Nilinunua, kwa sababu nilikuwa na furaha. Haule alikwenda mpaka mpakani, akaweka mguu mmoja upande wa pili, akarudi akijiita msafiri wa kimataifa. Mpaka leo nikikitazama kile kitenge naikumbuka ile furaha, na inanipa huzuni.

Gari la chuo lilikuwa pikapu kuukuu, na dereva wake aliitwa Silwimba. Nyuma alikuwa amejaza mifuko ya chokaa, makopo ya rangi, kreti za soda na biskuti za Zambia. Haule alikaa juu ya chokaa, mimi nikakaa mbele. Tulipoipita Vwawa nilimuuliza Silwimba kama kuna harusi chuoni.

"Afadhali ingekuwa harusi, Madam," alisema. "Kuna mkaguzi anakuja. Tangu juzi hatulali, mawe ya njia nzima yanapakwa chokaa."

"Poleni sana. Anatoka wapi?"

"Mbali. Tena tunaambiwa ni mkali."

Nilimwonea huruma. Nilimwambia asiogope, wakaguzi wengine ni watu wazuri tu. Moyoni nililaumu bahati yangu, kwamba katika siku zote za mwaka huyo mkaguzi naye amechagua kuja siku moja na mimi. Silwimba alikuwa ameambiwa anunue vitu vya kumpokelea mkaguzi, kisha achukue wageni wawili. Hakuna aliyemwambia kwamba, kwa mawazo ya chuo, mgeni na mkaguzi ni mtu mmoja, na yeye mwenyewe alimtarajia mwanamume mwenye gari lake.

Igamba, mchana. Mashamba ya kahawa yalikuwa yameiva pande zote mbili za njia, mekundu kwa mekundu, na hewa ilikuwa ya baridi ingawa jua lilikuwa linawaka. Mawe meupe yalianzia getini. Wanafunzi walikuwa wamesimama mistari miwili, na mkuu wa chuo, Mwalimu Simbeye, alikuja mbio kunifungulia mlango akiwa amevaa tai.

"Karibu sana, Madam Mkaguzi," alisema.

Nilimwona Silwimba akiinamisha uso kwenye usukani. Mimi nilicheka, nikamweleza Mwalimu Simbeye kwamba sikuja kukagua mtu; nimekuja kujifunza kwa Mwalimu Kibona. Naye alicheka, tena kwa heshima, kama mtu aliyeuona mtego akauruka. Alisema ndivyo wanavyosema wageni wote wakubwa. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Katika kazi yetu, mtu wa kutoka mbali akikaa nyuma ya darasa na kalamu mkononi, hajawahi kuwa kitu kingine. Ufadhili ulikuwa mpya, na wakaguzi walikuwa wa siku zote.

Niliingizwa ofisini, nikawekewa wali, kuku, na zile biskuti nilizosafiri nazo. Haule, ambaye alikuwa mweupe kwa chokaa kuanzia kichwani mpaka viatuni, alidhaniwa ni utingo wa gari, akapewa madawati ayapeleke madarasani. Nilitaka kuinuka niseme, lakini yeye alinikonyeza akaenda zake.

Nilikuwa sijamaliza paja la kuku niliposikia kicheko. Kilitoka darasa la mwisho, ng'ambo ya uwanja. Kilianza na wachache, kikapanda, kikakatwa na sauti za watu wanaobishana wote kwa pamoja, halafu kikarudi kikubwa kuliko mwanzo. Niliweka kijiko chini. Ilikuwa ni ile kelele ya madarasa ya wale walimu wawili, na nilikuwa nimesafiri njia yote ile kwa ajili yake.

"Ni darasa la nani lile?" niliuliza.

Mwalimu Simbeye alibadilika rangi. "Utusamehe, Madam. Ni Mwalimu Kibona. Ni mtu mzima, wakati mwingine anajisahau."

Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshampa ishara makamu wake. Nilisimama nikasema aachwe, ndicho nilichokuja kukisikiliza, lakini makamu alikuwa ameshafika katikati ya uwanja akitembea kwa haraka. Kicheko kilikatika ghafla. Mwalimu Simbeye alinisogezea chai, akaniomba nisiandike jambo lile.

Saa nane nilipelekwa darasani. Mwalimu Kibona alikuwa mzee mrefu, mwembamba, mwenye koti lililonuka naftalini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku akitazama chini. Wanafunzi wote walisimama, wakaimba salamu, wakakaa kwa pamoja. Nilitengewa kiti nyuma, chenye kitambaa cha kufuma. Nilisema mbele ya wote kwamba ninaomba tu somo la kawaida, kama lile lililotangulia. Mwalimu Kibona alinishukuru, akaugeukia ubao.

Lilikuwa somo la sehemu, nusu na theluthi. Alilifundisha jinsi sisi sote tulivyofundishwa kulifundisha. Kulikuwa na utangulizi, maarifa mapya, mazoezi na hitimisho, kila kimoja kwa dakika zake, na andalio la somo lilikuwa mezani kwa mwandiko mzuri. Alipouliza swali mikono yote ilipanda, wengine wa kulia na wengine wa kushoto, naye alichagua wa kulia tu. Mbinu hiyo naijua. Ukimuinua wa kushoto utamkuta hajui, na mkaguzi atakuona. Hakuna aliyekosea jibu. Hakuna aliyecheka wala kuuliza. Lilikuwa darasa langu mwenyewe, nimelifuata mpaka Igamba. Nilikaa pale nikiwa na hamu ya kulia.

Jioni, katika nyumba ya wageni, nilimkuta Haule akipangusa chokaa kwenye viatu. Alikuwa bado anatabasamu.

"Madam, yule mzee ni kiboko," alisema. "Niliingiza dawati nikashindwa kutoka. Alikuwa amejifanya mchuuzi wa mahindi gulioni. Ana kisado, ana debe, anawapimia. Akawapunja. Wakamkamata! Yule msichana wa mbele alimnyang'anya kisado kabisa, na mzee akawa anabisha."

"Aliwapunja vipi?"

Haule alifikiri. Aliona jinsi nilivyokuwa nimemkazia macho, na tabasamu likamtoka taratibu.

"Hapo ndipo sijui, Madam. Kulikuwa na theluthi mahali fulani. Nilikuwa nacheka."

Nilimuuliza tena na tena. Walianzaje kumshuku? Alisema nini walipomkamata? Aliwarudishaje kwenye hesabu? Alijitahidi, maskini, lakini alikuwa amekwenda pale kama mtu wa kufurahi, na alichobaki nacho ni furaha. Mwishowe aliniambia kwa upole, "Ungekuwepo tu."

Asubuhi iliyofuata nilimwendea Mwalimu Simbeye kuomba somo jingine. Alisikitika kweli. Madarasa yalikuwa yamefungwa. Kahawa ya chuo ilikuwa imeiva, na kahawa ikiiva haingoji mtu. Wanafunzi wote na walimu wote walikuwa shambani, na wangekuwa huko mpaka ruhusa yangu iishe. Somo la jana, alisema, lilikuwa limesogezwa kwa ajili yangu. Niliomba kikapu nikaenda kuchuma.

Nilimkuta Mwalimu Kibona peke yake kwenye mstari, bila koti. Tulichuma, yeye upande huu wa mti na mimi upande ule. Kisha nilimweleza yote, darasa langu, wale walimu wawili, na kile kicheko nilichokisikia nikiwa ofisini. Aliacha kuchuma.

"Kwa hiyo hukuja kukagua," alisema.

"Hapana, Mwalimu."

"Nilidhani lile la mchana ndilo unalolitaka. Nimelifundisha kwa wakaguzi maisha yangu yote." Alitikisa kichwa. "Lile la kwanza ndilo langu. Pole, mwanangu. Pole sana."

Nilimwomba anionyeshe, hata palepale, hata kwa kikapu cha kahawa. Alijaribu. Alikishika kikapu kama kisado, akaanza kunadi mahindi, akanitazama, akasubiri nimkatalie. Mimi nilitabasamu na kutikisa kichwa kwa heshima. Akakishusha kikapu chini.

"Haiji," alisema. "Mimi huanzisha tu, wao ndio wanaonigombeza. Na wananigombeza kwa sababu tangu siku ya kwanza sijawahi kumkasirikia mtu aliyenigombeza. Hilo sasa nitakuonyesha wapi, hapa mtini?"

Alinikaribisha kwao Ibaba, huko Ileje, ambako angerudi kulima viazi. Alisema tutakula, tutazungumza sana, ila darasa halitakuwepo.

Tulirudi kupitia Mlowo, kwa basi lililotoka Tunduma. Silwimba alitusindikiza mpaka stendi na kuniomba radhi njia nzima, mpaka ikawa mimi ndiye ninayembembeleza. Haule hakufanya masihara mpaka Makambako. Mimi nilikuwa dirishani nikijiuliza kwa nini siku ile nilivaa koti la ofisini, kwa nini sikupanda nyuma nikakaa juu ya chokaa na Haule, kwa nini sikutoka na paja la kuku mkononi nikavuka uwanja. Yalikuwa mambo madogo, na kila moja lingetosha.

Morogoro. Muhula ulipofunguliwa nilikwenda sokoni nikanunua mahindi, nikaazima kisado na debe, nikaingia darasani nikiwa mchuuzi. Nilijifunga kile kitenge cha Tunduma. Niliwapimia kisado baada ya kisado, na katika kila kimoja nilibakiza theluthi, wazi, mbele ya macho yao, nikatangaza kwamba debe limejaa. Kisha nilisubiri wanikamate.

Waliinama, wakaandika.

Nilimwinua msichana wa dawati la mbele, nikamuuliza kama hakuona kwamba nimewapunja. Alisema aliona. Nilimuuliza kwa nini basi ameandika. Alinitazama kwa heshima, na nilijua atakachosema kabla hajakisema.

"Tulidhani ndilo unalolitaka, Madam."

Darasa lilikuwa kimya. Nilikaa kwenye ukingo wa meza, kisado mkononi, nikamwambia keti mwanangu, hujakosea kitu. Kisha niliyamwaga yale mahindi yote sakafuni, nikawaomba wanisaidie kuanza upya.