Vidonge Kumi vya Kurudisha

Nilijiandikisha kusoma ufamasia wa kliniki nikiwa na miaka thelathini na minane, na sababu yangu ya kwanza haikuwa ya kujivunia. Nilitaka cheo. Nilikuja kusini miaka ya tisini nikitokea Mwanza, nikapangiwa Nachingwea, kisha Ruangwa, na miaka yote hiyo nilikaa nyuma ya dirisha la dawa. Dirisha lenyewe lilitosha kupitisha mkono na bahasha. Nilikuwa nawajua wagonjwa kwa mikono yao: huyu ana kidole kilichokatika, yule ana pete ya shaba. Nyuso zilibaki upande wa pili wa ukuta.

Chuo kilikuwa ng'ambo na sijawahi kukiona hata lango. Masomo yalikuja kwa intaneti, kwa wafamasia walio kazini, watu wasioweza kumwambia mwajiri kwamba wanakwenda shule watarudi baada ya miaka miwili. Hiyo ilikuwa kama mwaka elfu mbili na nane. Mtandao wa Ruangwa ulikuwa unakuja kama mgeni asiye na taarifa, kwa hiyo kila Jumamosi nilipanda gari kwenda Nachingwea. Kulikuwa na duka la kompyuta nne, tatu zikiwa hai. Mwenye duka alitoza kwa saa. Nikamwambia saa nzima inaweza kuisha nikitazama duara linazunguka, na mimi sinunui duara. Tulivutana wiki tatu, akakubali kupunguza. Alisema mimi ndiye mteja wake anayelipa kidogo kuliko wote na kumchosha kuliko wote.

Wenzangu darasani niliwajua kwa maandishi tu. Wengi walikuwa kwenye hospitali kubwa za nchi zao. Mmoja akiandika kwamba amepima kiwango cha dawa kwenye damu ya mgonjwa asubuhi na jioni, mimi nilikuwa na mzani wa kupimia watoto na kipimo cha presha ambacho mpira wake niliuziba kwa gundi ya kuzibia baiskeli.

Kazi kubwa ya mwaka wa pili ilikuwa hii: chagua mgonjwa mmoja ambaye dawa hazimsaidii, mfuate miezi sita, tafuta kosa liko wapi, lirekebishe. Mimi nilimchagua mama mmoja kutoka Chunyu, kijiji cha wilaya yetu ya Ruangwa.

Alikuwa mjane wa miaka kama sitini, mkulima wa ufuta na mbaazi, mwembamba, mwenye maneno. Presha yake ilikuwa mia na tisini kwa mia na kumi na tano, na miezi ilipita haitaki kushuka. Daktari wetu, mwanamke asiyependa kuzunguka, aliniambia mbele yake: "Huyu asiposhuka atapooza kabla ya mavuno. Kama hakufa."

"Nimesikia," alisema yule mama. "Sijapooza masikio."

Nikamtoa kwenye foleni ya dirishani nikamkalisha ndani, kwenye kiti, kama kitabu kilivyotaka. Nilimweleza kwamba anatakiwa vidonge viwili kwa siku, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Kwa siku thelathini ni sitini. Lakini nitampa sabini, na siku ya kurudi aje na mfuko wake, tuhesabu vilivyobaki. Vikibaki kumi, nitajua amemeza sawasawa.

"Kwa hiyo unataka kumi zako," alisema.

"Nataka kujua umemeza, mama."

"Utapata kumi zako, mwanangu."

Nilipata. Mwezi wa kwanza kumi. Mwezi wa pili kumi. Nilihesabu mara mbili kwenye trei, kwa sababu ndiyo tabia yangu; mke wangu husema hata pole nikipewa naihesabu. Wagonjwa wangu wengine walirudisha kumi na nne, sita, moja na nusu. Mzee mmoja alirudisha kumi na moja pamoja na punje mbili za karanga. Huyu mama alirudisha kumi kamili, na mwezi wa tatu kumi.

Na presha ilikaa palepale. Daktari aliiacha dawa ile, akaandika ya pili, kali zaidi. Nikamwekea hesabu ileile, sabini, nazo zikarudi kumi. Presha ikashuka kidogo, ikapanda tena. Daktari akaanza kuzungumza habari ya dawa ya tatu, na ya kumpeleka hospitali ya mkoa, Lindi. Macho ya mama yalikuwa yameanza kuona ukungu asubuhi.

Mimi nimelelewa sokoni. Mama yangu aliuza dagaa kwa kopo, na kabla sijajua kusoma nilijua kwamba muuzaji ambaye kopo lake linajaa sawasawa kila mara, bila kupungua wala kuzidi, anakuibia chini. Jambo hilo nimelijua maisha yangu yote. Lakini kumi za yule mama zilinipendeza. Niliziandika kwenye jedwali, jedwali likawa zuri, nikalituma ng'ambo.

Mwalimu wangu alijibu kwa mstari mmoja. Aliuliza kama nimewahi kumwona akimeza.

Nilikasirika. Nililipa saa nzima ya duka ili nisome mstari mmoja. Lakini nilimtumia mama neno kwamba siku ya kurudi mwezi uliofuata asimeze nyumbani, aje ameze kwangu. Ilikuwa saa tatu, kliniki imejaa. Nikampa kikombe cha maji na dozi yake, nikaamua kumpa ya asubuhi na ya jioni pamoja mkononi, kimoja ameze sasa, kingine abaki nacho, nione anavyofanya. Akameza kimoja. Kile kingine akakifunga kwenye pindo la khanga, fundo dogo la haraka, la mtu aliyezoea.

"Hicho utameza jioni?" nilimuuliza.

"Hicho si changu."

"Cha nani?"

Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. "Cha mwenzangu."

Mwenzake alikuwa pacha wake. Aliolewa Nambambo, wilaya ya Nachingwea, tangu ujana. Mguu wake ulivunjika zamani ukaunga vibaya, hatembei mbali. Siku moja wapimaji walipita kijijini kwake wakamwambia naye ana presha, wakaenda zao. Basi kila mwezi huyu wa Chunyu alikaa kitandani, akamwaga vidonge vyangu sabini. Kumi aliweka pembeni, za daktari. Sitini akazigawa: thelathini hizi, thelathini zile. Thelathini za Nambambo alimpa mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge, aliyekuwa akizunguka magulio, akazifikisha.

"Tangu tuko wadogo," alisema, "tukipewa kimoja tunakikata. Nguo ikiwa moja, inapelekwa kwa fundi irudi mbili. Wazee walikuwa wanasema ukimpa mmoja ukamwacha mwingine, yule aliyeachwa ataumwa. Wewe unataka nimeze peke yangu?"

"Mama, dawa siyo muhogo."

"Najua siyo muhogo. Muhogo ningekupa na wewe."

Muuguzi aliyekuwa anapima watoto uzito alicheka mpaka akakosea namba. Mimi nilicheka kidogo. Nilikuwa nimefurahi, niseme kweli. Kosa nilikuwa nimeliona, tena kwa macho yangu. Mgonjwa alikuwa anameza nusu dozi, na kwa nusu dozi tulikuwa karibu tumwongezee dawa ya tatu ambayo ingeweza kumwangusha siku atakayomeza zote.

Nikamweleza kwa ukali wa mtu mwenye uhakika. Nusu dozi haimsaidii yeye wala pacha wake. Ameze zote mbili, zake peke yake. Pacha wake aende hospitali Nachingwea, apimwe, aandikwe, apewe zake.

"Hafiki huko. Mguu."

"Atafutiwe pikipiki."

"Basi niongezee hapa nimpelekee."

"Siwezi. Sijampima, hayumo kwenye daftari langu. Nikimpa asiye na jina, nami nikihesabiwa stoo, nitasemaje?"

Alijaribu kunipandisha, nami najua kupandishwa. Alitaka thelathini, akashuka ishirini, akashuka kumi na tano. "Hizo kumi zako basi," alisema. "Unazichukua za nini? Unazirudisha kwenye kopo tu." Nilikataa. Nilimshinda kwa kila bei aliyotaja. Mwishoni alifungua lile fundo la khanga, akaweka kidonge mezani kwangu.

"Niapishe basi," alisema.

"Sihitaji kiapo, mama. Nahitaji umeze."

"Nitameza."

Alimeza. Presha ya mwezi uliofuata ilikuwa mia na hamsini. Mwezi wa pili mia na thelathini na nane kwa themanini na nne. Ukungu wa macho ukapungua. Nilimuuliza habari za pacha wake, akasema ametuma neno aende hospitali. Nikasema vizuri. Niliandika kazi yangu kurasa ishirini na mbili, na kwenye kurasa hizo pacha ana sentensi moja: kwamba mgonjwa alishauriwa kuacha kugawa dawa kwa ndugu. Kila Jumamosi nilikuwa Nachingwea, mwendo mfupi wa pikipiki kutoka Nambambo, nikibishana na mwenye duka juu ya dakika.

Alama zilikuja. Zilikuwa za juu kuliko zote nilizowahi kupata shuleni, tangu darasa la kwanza. Mwalimu aliandika kwamba kazi hii inaonyesha hasa mfamasia anapaswa kuwa wapi: karibu na mgonjwa. Niliichapa karatasi hiyo nakala mbili.

Wiki ileile yule mama mfanyabiashara wa vitenge alisimama dirishani kwangu. Hakuwa na cheti cha dawa. Aliuliza kama mimi ndiye ninayempa dawa yule wa Chunyu.

"Wa Chunyu yupi?"

"Yule mama wa presha. Amesema nikwambie hatakuja kliniki. Yuko Nambambo. Pacha ameanguka."

Jumamosi sikwenda kwenye kompyuta. Nilichukua pikipiki kutoka stendi ya Nachingwea na kwa mara ya kwanza maishani sikuuliza bei kabla ya kupanda.

Walikuwa wamemlaza uani kwenye mkeka, mahali pa jua la asubuhi. Hakuna kitabu kilichoniandaa kwa uso ule. Uso nilioujua, niliouzoea miezi minane ukinitania, ulikuwa pale chini na nusu yake imeanguka. Mdomo umevutwa upande, mkono wa kulia umelala kama kitu kilichosahauliwa. Jicho moja lilinifuata. Na uso uleule, mzima, ulikuwa pembeni yake ukimpa uji kwa kijiko.

Nilisema shikamoo. Mmoja tu ndiye aliyeweza kuitikia.

"Huyu ndiye wa vidonge," alimwambia pacha wake, kwa sauti ya mtu anayetambulisha mgeni wa heshima. Kisha akaendelea kwa Kimwera, maneno mengi, na sikuomba kutafsiriwa.

Nilimpima. Sitaandika namba. Niliuliza alikuwa anameza nini miezi hii miwili. Hakumeza kitu. Pikipiki ilitafutwa mara moja, ikaja siku ya msiba wa jirani, haikuwezekana kuondoka. Mara ya pili haikuja. Walikuwa wakisubiri ufuta uuzwe.

"Nilikusikiliza," mama wa Chunyu aliniambia wakati ananisindikiza hadi kwenye pikipiki. Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu anayetoa taarifa ya kazi aliyotumwa.

Tulimhamishia wodini Nachingwea. Aliishi wiki tatu.

Niliandika ng'ambo kumweleza mwalimu, nikaomba kazi yangu irudishwe niiongezee yaliyotokea. Alinijibu kwa upole na kwa urefu. Alisema kidonge kimoja kwa siku huenda kisingemkinga. Alisema mgonjwa wangu alikuwa mmoja, naye alitoka hatarini. Yote mawili yanawezekana kuwa kweli. Nimeyapima mara nyingi na sijui kilo zake. Ninachojua ni kwamba thelathini zile kwa mwezi zilikuwa zinafika Nambambo, na mimi ndiye niliyezizuia, na sikuuliza zinamfikia nani na ataishije zisipofika. Kazi ikabaki na alama zake.

Arobaini ilipopita, mama alikuja kliniki. Amefunga khanga nyeusi, na nyuma yake alikuwa mwanamke wa miaka kama arobaini, mwenye paji la uso la wale wawili. Nilivuta kiti, nikachukua kipimo. Mama hakukaa.

"Umekuwa unameza?" nilimuuliza.

"Sijameza tangu tulipozika."

"Mama, kaa nikupime haraka."

"Mpime huyu. Mtoto wa marehemu."

"Nitampima. Wewe kwanza, wewe ndiye uliye kwenye hatari."

"Huyu kwanza, au tunaondoka wote. Ile siku ulinishinda bei. Leo sishuki."

Nilijua sauti ile. Ni sauti ya mtu aliyekwisha kufunga mzigo wake na yuko tayari kuubeba arudi nao. Nilimfunga kipimo yule binti. Mia na sitini na tano kwa mia moja. Nilirudia. Ikawa ileile.

"Imepanda?" mama aliuliza.

"Imepanda."

"Mwandike jina."

Nilitoa kadi mpya. Kwenye mstari wa kijiji niliandika Nambambo. Daftari letu lilikuwa la wilaya nyingine, na karani aliyekuwa karibu alikohoa. Nikaandika hivyohivyo. Nikamwita daktari, akaja, akamsikiliza kifua, akaandika dawa.

Ndipo mama akakaa. Nilimpima, ilikuwa juu, si kama mwanzo lakini juu. Akanyoosha mkono kuomba maji. Akameza cha kwanza, akapumzika, akameza na cha pili, ingawa ilikuwa asubuhi na cha pili kilikuwa cha jioni. Sikumsahihisha.

Nilifunga bahasha ya binti, nikamsogezea mama, kwa mazoea tu, kwa sababu yeye ndiye niliyemjua. Hakuigusa.

"Mpe mwenyewe mkononi," alisema. "Mimi sibebi tena."

Nikampa.